Shajara ya mradi: vibanda sita, betri moja, na ubao wa resista

Jumamosi

Kazi imeingia leo. Ni safu ya vibanda sita karibu na soko, upande wetu wa Uganda hapa Busia. Biashara yao hasa ni ya jioni: wa kwanza anapika rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), wa pili ana nyanya na vitunguu, wa tatu viatu vya mitumba, wa nne anauza vocha na kuchaji simu za watu, wa tano chai na mandazi, na mwisho kabisa yuko mama anayeuza mukene, yaani dagaa. Kikundi chao cha akiba kilinunua paneli moja ya sola, kontrola ya kuchajia, betri ya volti 12 na tepe za LED, mita moja ya utepe kwa kila kibanda. Aliyewafungia aliweka sanduku la betri kwenye stoo iliyo mwanzo wa safu, akavuta waya pacha mmoja kutoka hapo, kibanda hadi kibanda, mpaka wa mwisho.

Kwa mpishi wa rolex mwanga unatosha kuhesabu noti. Kwa Mama Mukene hautoshi. "Fundi, sote tunalipa sawa," aliniambia. "Mbona mwanga hatupati sawa?"

Wameshaambiwa na mtu kwamba betri imekufa, wanunue nyingine. Nilipima kwenye vichwa vya betri taa zote zikiwa zinawaka: 12.4 V. Betri inayosimama kwenye 12.4 huku imebeba mzigo haijafa. Kwa hiyo volti zinapotelea njiani, kati ya sanduku na Mama Mukene, na kazi yetu ni kuonyesha zinapotelea wapi kabla ya mtu yeyote kutoa senti.

Nina vijana wawili karakanani, wote Sinia ya Tatu. Kanuni ya Ohm wanaijua kwa moyo: volteji ni mkondo mara ukinzani. Ukiwauliza kwa nini taa ya sita ni hafifu, wananyamaza. Nimeamua tujenge kwanza ubao wa majaribio, ndipo turudi vibandani. Nimewaeleza wanakikundi kwamba hilo litachukua muda kidogo, wakakubali.

Jumatatu

Ubao wenyewe ni kipande cha plaiwudi. Tumepigilia misumari ya shaba kwa safu, kila msumari ukiwa kituo cha kulehemu mguu wa resista (kijipande kinachokinza mkondo) au kubanisha waya wenye meno. Umeme unatoka kwenye betri ndogo ya 7 Ah iliyotolewa kwenye mashine ya akiba ya kompyuta. Ikiwa imepumzika inasoma 12.6 V.

Resista tumezichomoa kwenye redio na televisheni zilizokufa. Hapa karakanani hiyo ni hazina. Vijana walikaa asubuhi nzima wakisoma rangi: kahawia, nyeusi, kahawia ni 100 Ω (ohm), nyekundu, nyekundu, kahawia ni 220 Ω, chungwa, chungwa, kahawia ni 330 Ω. Mstari wa dhahabu unaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Nimesisitiza kila moja ipimwe kwa mita na thamani halisi iandikwe kwa kalamu kando yake, maana redio ya miaka mingi imepitia joto nyingi. Zetu zimetoka 99, 218 na 328 Ω. Ziko ndani ya mpaka.

Jumanne: mfululizo

Resista tatu tumezipanga moja nyuma ya nyingine, njia moja tu ya kupita. Jumla ya ukinzani ni 645 Ω. Kabla ya kugusa swichi niliwataka watabiri mkondo. Wote walipiga hesabu vizuri, 12.6 gawanya kwa 645, yaani 19.5 mA (miliampea). Kisha nikauliza: mkondo utakuwa kiasi gani kabla ya resista ya kwanza, na kiasi gani baada ya ya mwisho? Hapo jibu likabadilika. Mmoja alisema mwishoni utakuwa mdogo, kwa sababu resista "zimeshakula".

Nalichukulia jibu hilo kwa uzito, maana watu wazima wengi wanaofunga nyumba umeme wanaamini vivyo hivyo. Kama malori kumi yameingia geti la kwanza la mpakani na hakuna njia ya panya, kumi ndiyo yatakayotoka geti la mwisho. Kinachopungua ni mafuta kwenye tangi. Mkondo ndio malori. Nishati inayobebwa na kila chaji ndiyo inayoachwa njiani, na volteji ndiyo kipimo chake.

Tukakata njia mahali pane, tukaingiza mita kila mahali kwa zamu. Usomaji ule ule kote. Kijana aliyesema zimekula alirudia mwenyewe mara mbili, polepole, na sikumharakisha.

Halafu volteji, mita ikiwa imebanwa pembeni mwa kila resista: 1.93 V kwenye ile ya 99, 4.26 V kwenye ya 218, 6.41 V kwenye ya 328. Jumlisha, unapata 12.60. Hakuna kilichopotea hata kidogo. Resista kubwa imechukua sehemu kubwa, kwa uwiano ule ule wa ohm zake. Ukitaka kujua volteji imetumika wapi katika njia moja ya mfululizo, tafuta ukinzani mkubwa uko wapi. Sentensi hiyo niliwaandikisha, kwa sababu ndiyo tutakayoihitaji kibandani kwa Mama Mukene.

Gustav Kirchhoff alizipanga kanuni hizi mbili mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi kule Königsberg: mkondo unaoingia kwenye kiungo ni sawa na unaotoka, na volteji za kuzunguka njia iliyofunga zinasawazika. Vijana walifurahi kusikia kwamba hakuwa mzee mwenye ndevu.

Alhamisi: sambamba

Leo walitaka kuchukua resista zile zile tatu na kuzifunga sambamba, kila moja ikishika moja kwa moja upande wa chanya na upande wa hasi. Niliwazuia mkono nikawaambia wapige hesabu kwanza. Ile ya 99 Ω ingepata 12.6 V nzima. Mkondo wake ungekuwa zaidi ya 127 mA, na nguvu karibu 1.6 W, wakati mwili wake umetengenezwa kubeba robo ya wati tu. Ingeungua mbele ya macho yetu. Jumanne, katika mfululizo, resista hiyo hiyo ilikuwa na chini ya 0.04 W. Resista ni ile ile, betri ni ile ile. Mpangilio ndio uliobadilika.

Katika mfululizo mkondo ni mmoja kwa wote, kwa hiyo resista yenye ohm nyingi ndiyo inayopata joto zaidi. Katika sambamba volteji ni moja kwa wote, kwa hiyo yenye ohm chache ndiyo inayopata joto zaidi. Fundi asiyeshika jambo hili atachoma vitu vya watu.

Tumetumia 1 kΩ (ohm elfu moja), 2.2 kΩ na 3.3 kΩ. Volteji pembeni mwa kila moja ni 12.6, bila tofauti inayoonekana kwenye mita. Mikondo: 12.6 mA, 5.7 mA na 3.8 mA. Kwenye waya mkuu, kabla ya kugawanyika, 22.1 mA. Ukinzani wa zote pamoja ni karibu 569 Ω, mdogo kuliko hata ule wa resista ndogo kabisa kati yao. Hilo liliwasumbua: tumeongeza resista, ukinzani umepungua? Ndiyo, kwa sababu kila resista mpya katika sambamba ni mlango mwingine uliofunguliwa kati ya chanya na hasi. Nikachomoa ile ya 3.3 kΩ, mkondo mkuu ukashuka hadi 18.3 mA, lakini hizo mbili zilizobaki hazikusikia lolote.

"Basi taa za vibanda ziko sambamba," kijana mmoja akasema. "Ukizima ya chai, zingine haziondoki."

Sawa. "Na kama ziko sambamba," akauliza mwenzake, "si kila kibanda kingepata 12.4?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nalingojea. Sikulijibu.

Ijumaa, baada ya swala

Siku ya mita. Nimeona mafundi wakigombana kwa sababu ya usomaji uliotokana na mita yenyewe, nami sitaki vijana wangu wawe miongoni mwao.

Kwanza mkondo. Katika sakiti ya Jumanne, hesabu ilitupa 19.5 mA. Mita ikiwa kwenye kipimo cha 200 mA ilisoma 19.5. Ikiwa kwenye kipimo cha 20 mA, ambacho kinatakiwa kuwa makini zaidi, ilisoma 19.24. Sababu ni kwamba mita ya bei nafuu kama yetu, ikipima mkondo, inaingia kwenye mstari na resista yake ndogo ya ndani: karibu 1 Ω kwenye kipimo kikubwa, karibu 10 Ω kwenye kidogo. Ongeza 10 kwenye 645, gawanya tena, utapata 19.24 yenyewe.

Kisha volteji, na hapa ndipo penye mafunzo makubwa. Tulifunga resista mbili za 1 MΩ (ohm milioni moja) katika mfululizo. Kila mtu alitegemea nusu kwa nusu, 6.3 V na 6.3 V. Mita ikaonyesha 4.2 kwenye ya kwanza, na 4.2 kwenye ya pili. Jumla 8.4. Zile 4.2 nyingine ziko wapi?

Mita hii ina ukinzani wa karibu 1 MΩ kati ya nyaya zake mbili inapopima volteji. Ukiibana pembeni mwa resista ya 1 MΩ umefunga resista mbili sawa sambamba, na pamoja zinakuwa 0.5 MΩ. Sasa mfululizo si 1 kwa 1 tena, ni 0.5 kwa 1, na theluthi ya 12.6 ni 4.2. Ukiondoa mita, 6.3 inarudi mahali pake bila mtu kuiona. Nilikuwa na mita nzuri zaidi, ya 10 MΩ, na kwa hiyo tulisoma 6.0. Hata yenyewe inagusa kidogo.

Kwenye resista za ohm mia tatu jambo hili halina madhara, ndiyo maana Jumanne hesabu zetu zilikaa sawa. Kila kifaa unachokiunga, hata cha kupimia, ni sehemu ya sakiti. Georg Ohm mwenyewe alipambana na hali ya aina hii upande wa chanzo: betri za zama zake zilikuwa hazitulii, volteji ikishuka kadiri mkondo ulivyotolewa. Mwaka 1826 aliziacha akatumia kiungo cha shaba na bismathi, upande mmoja ukiwa kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu, ili apate chanzo kinachosimama imara. Kanuni yake aliichapisha kwa ukamilifu mwaka 1827. Namheshimu zaidi kwa ile barafu kuliko kwa fomula.

Jumamosi jioni: vibandani

Hapa karibu na ikweta giza haliji kwa hiana. Likifika saa moja jioni taa zote zinawaka. Tumeanzia kwenye sanduku tukashuka kibanda hadi kibanda, mita ikiwa kwenye volti. Kwenye betri 12.4. Kwa rolex 11.7. Nyanya 11.4. Viatu 11.2. Vocha 11.0. Chai 10.9. Kwa Mama Mukene nayo 10.9, chini kidogo tu ya chai.

Mkondo wote unaotoka kwenye sanduku ni 1.74 A. Utepe wa rolex unavuta 0.36 A. Wa Mama Mukene 0.25 A.

Vijana walisimama hapo. Volteji ya Mama Mukene ni pungufu ya ile ya rolex kwa asilimia 7 hivi. Mkondo wake ni pungufu kwa asilimia 30. Kama utepe ungekuwa resista tupu, vyote viwili vingepungua kwa kiasi kimoja. Nini kinaendelea?

Tuliukagua utepe kwa tochi. Kila sentimita 5 kuna alama ya mkasi, na ndani ya kila kipande kuna LED tatu na resista moja ndogo iliyoandikwa 151, maana yake 15 na sifuri moja, 150 Ω. Hizo nne ziko katika mfululizo. Vipande ishirini vya mita nzima viko sambamba. Utepe unaouzwa dukani kama kitu kimoja ni somo lote la wiki hii limebanwa kwenye plastiki.

LED si resista. Kila moja inashika karibu volti 3 na haiachi sana, mkondo uwe mwingi au mdogo. Tatu zinachukua karibu 9 V. Kinachobaki ndicho kinachoangukia resista, na ndicho kinachoamua mkondo. Kwa rolex kimebaki 2.7 V; gawanya kwa 150, ni 18 mA kila kipande, mara ishirini, 0.36 A. Kwa Mama Mukene kimebaki 1.86 V tu, 12.4 mA kila kipande, na ndiyo ile 0.25 A. Volti moja inayopotea kwenye waya haikatwi kwenye 12. Inakatwa kwenye zile tatu za juu.

Nilimweleza Mama Mukene hivyo hivyo, bila fomula. Akasema, "Kwa hiyo mimi nakatwa kwenye faida, si kwenye mtaji." Sina namna bora ya kulisema.

Jumapili: waya nao ni resista

Jibu la swali la Alhamisi ni hili. Mchoro wa sambamba tunaouchora ubaoni una mistari, na mistari tunaihesabu kuwa ohm sifuri. Vibandani mistari ni shaba. Waya waliowekewa ni wa 0.75 mm², ambao kila mita ya uzi mmoja ina karibu 0.026 Ω. Mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo kila mita ya njia ni 0.052 Ω. Kutoka stoo hadi rolex ni mita 8, sawa na 0.416 Ω. Kutoka kibanda hadi kibanda ni mita 4, sawa na 0.208 Ω.

Namba hizo zinaonekana kama si kitu. Lakini zile mita 8 za kwanza zinabeba mkondo wa watu wote sita: 1.74 A mara 0.416 Ω ni 0.72 V. Karibu nusu ya hasara yote inatokea kabla ya mteja wa kwanza kuona mwanga. Baada ya hapo hatua zinapungua: kutoka rolex kwenda nyanya waya umebeba wa watu watano, kisha wanne, mpaka kipande cha mwisho kinachobeba wa Mama Mukene peke yake na kupoteza 0.05 V tu. Ndiyo maana chai na mukene walisoma karibu sawa.

Kwa hiyo hawako sambamba tu, wala si mfululizo tu. Ni ngazi: kipande cha waya katika mfululizo, kibanda sambamba, kipande kingine cha waya, kibanda kingine. Nilisema mwanzoni kwamba volteji ya njia ya mfululizo tuitafute penye ukinzani. Ukinzani uko kwenye waya, na mkondo wa jirani zako wote unapitia kwenye waya wako.

Tumejenga ngazi hiyo kwenye ubao: resista za 22 Ω zikisimama badala ya vipande vya waya, mbili zikiwa pamoja mwanzoni kwa ile njia ndefu, na za 820 Ω badala ya vibanda. Umbo likatoka lile lile, hatua kubwa mwanzoni na ndogo mwishoni. Nawashauri walimu wanaofundisha umeme waifanye hii kabla ya mafumbo ya resista kumi kwenye karatasi. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020 wanafunzi wanatakiwa kufanya miradi, na huu unahitaji takataka za redio tu.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini umeme wa nyumbani hauna shida hii kwenye waya wa urefu huo huo. Una volti 240. Taa hizi sita zote pamoja, zikipata volti 12 kamili, ni kama wati 29. Kwa 240 V zingehitaji 0.12 A tu. Hata mzigo wote ungekaa mwisho wa njia, hasara kwenye mita zetu 28 za waya ingekuwa chini ya 0.2 V, na 0.2 kwenye 240 haionwi na mtu. Ndiyo sababu umeme wa bwawa la Karuma unasafirishwa kwenda Kawanda, karibu na Kampala, kwa volti 400,000. Volteji ikiwa juu, mkondo unakuwa mdogo, na waya unakula kidogo. Sisi wa sola ya volti 12 ndio tunaopaswa kuogopa kila mita.

Jumatano: kikao

Nimewapelekea wanakikundi mapendekezo mawili, yote yakiwa na hesabu.

La kwanza ni waya mnene, 2.5 mm² kwa njia yote. Mama Mukene angepata 11.8 V. Ni kazi nzuri, ila ni mita 28 za shaba ya kununua.

La pili ni kuacha waya ule ule na kuhamisha sanduku katikati, kwenye ukuta kati ya viatu na vocha, paneli ihamie kwenye mabati juu yake. Hapo kila upande wa waya unabeba vibanda vitatu badala ya sita, na njia ndefu kabisa inakuwa mita 10 badala ya 28. Hesabu inatoa 12.0 V kwa rolex na 12.0 V kwa Mama Mukene. Waya mwembamba wa zamani, ukiwekewa betri mahali panapofaa, unaushinda waya mnene uliowekewa betri pembeni.

Waliyoyajadili kwa muda mrefu hayakuwa umeme, yalikuwa ufunguo. Stooni sanduku lilikuwa nyuma ya mlango wa chuma. Katikati litakuwa mbele za watu. Bwana wa vocha ndiye anayefunga wa mwisho, na mwishowe wamekubaliana sanduku liwe la chuma, lifungwe kwa boliti ukutani, kufuli mbili, ufunguo mmoja kwake na mwingine kwa mweka hazina. Welda wa jirani atalitengeneza. Pesa iliyokuwa iende kwenye betri mpya inatosha sanduku na inabaki.

Ijumaa jioni

Tumehamisha mchana, tumepima usiku. Betri 12.4. Rolex 12.0, Mama Mukene 12.0. Nyanya na chai 12.1. Viatu na vocha, walio karibu na sanduku, 12.3. Mikondo: 0.40 A mwishoni, 0.41 kati, 0.44 karibu.

Hiyo 0.44 siipendi. Ni karibu 22 mA kwa kila LED, na jioni ambayo betri imejaa itazidi. LED zinazosukumwa hivyo zinachakaa mapema. Kwenye vibanda hivyo viwili tumeongeza resista ya 1 Ω yenye mwili wa wati 1, katika mfululizo na utepe. Mkondo umeshuka hadi 0.39 A. Resista inabeba 0.15 W na haichomi kidole. Vijana ndio waliopendekeza, na ndio waliochagua thamani yake. Sasa vibanda sita vinatofautiana kwa karibu 20 mA tu, na macho hayawezi kutambua nani ni nani.

Kila upande umewekewa fyuzi yake ya 3 A, kwenye waya wa chanya, ndani ya sanduku, karibu kabisa na betri. Upande mmoja unavuta 1.2 A kwa kawaida. Waya ukikwaruzwa na bati ukagusana, betri ya ukubwa huu inaweza kutoa mkondo wa kuuyeyusha. Fyuzi itakatika kwanza, na upande wa pili utaendelea kuwaka.

Bwana wa chai ameshaniuliza kama anaweza kuongeza redio. Itavuta kama 0.5 A. Akiiunga kwenye utepe wake, mkondo huo utapita mita 6 za waya wa pamoja, na Mama Mukene atapoteza 0.15 V kwa ajili ya muziki wa jirani. Akiivutia waya wake mwenyewe kutoka kwenye sanduku, na fyuzi yake, hakuna atakayejua kwamba ipo. Ndani ya kifuniko cha sanduku tumebandika mchoro wa ngazi, usomaji wa leo, na agizo kwa fundi yeyote atakayekuja baada yetu: mzigo mpya uanzie hapa, si kwenye waya wa jirani. Waya wa redio anaukata kesho, kwenye zile mita 8 zilizobaki.